Jogoo wa Shangazi

Kuna watu ambao hasira yao huwaka asubuhi ikazimika kabla ugali haujaiva, na hao ni heri kuishi nao. Élisabeth hakuwa wa namna hiyo. Hasira yake aliilisha mahindi, akainywesha maji safi, akaifungia uani kwake pale Sange, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso alikwenda kuitazama kama imenenepa. Ilikuwa na miguu ya manjano, mkia mweusi unaong'aa na kishungi kichwani. Ilikuwa jogoo, na alifugwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: wifi yake Marie-Rose wa Kiringye, yaani Mama Ornella, mke wa kaka yake Venant.

Tuanze na kuku wenyewe, maana asiyewajua atasema mwanamke huyu alikuwa na wazimu, na wazimu hakuwa nao. Vita ilipofika bondeni mara ya kwanza, watu wa Kiringye walivuka mto Ruzizi kila mtu na alichoweza kubeba. Mwingine alibeba godoro, mwingine cherehani, jirani mmoja alibeba mlango wa nyumba yake, sijui alitaka kuufunga wapi. Mama yake Élisabeth alibeba kuku jike mmoja, mweusi, mwenye kishungi, chini ya kwapa, amemfunga mdomo kwa kitambaa asipige kelele. Kule ng'ambo, katika kambi ya wakimbizi, watu walimtazama yule kuku kwa macho ya njaa, na mama akawa analala amemkumbatia. Aliporudi nyumbani alirudi na kuku yule yule, vifaranga nyuma yake. Kuanzia hapo kila kuku wa kishungi katika ukoo wao alitokana na yule mmoja. Élisabeth alipoolewa Sange, mama alimpa jike na jogoo, akamwonya asije akawachanganya na kuku wa sokoni.

Na hakuwachanganya. Mume alikufa, mtoto wake Achille akaenda kutafuta maisha Uvira mjini, lakini kuku wa mama walibaki. Akitoka nje asubuhi akaona vile vishungi vyeusi vinainama na kuinuka kwenye maganda ya mpunga, alijisikia ana watu nyumbani.

Kisha mama mwenyewe akafa, kiangazi cha mwaka jana, kule Kiringye kwa Venant alikokuwa anakaa uzeeni. Kuku wake walichinjwa wote kwa ajili ya wageni wa msiba, na Élisabeth hakulalamika. Msiba hula, na wa kwake walikuwapo Sange.

Sasa kwao kuna desturi. Binti aliyeolewa mbali akija kumzika mama yake, harudi kwake mikono mitupu. Mke wa kaka humpa kuku wa kumsindikiza, kuku hai, na kuku huyo hulala pamoja na kuku wa binti tangu siku anapofika, wala hachinjwi mpaka matanga yaishe. Kumkataa ni kumkataa marehemu. Kumtenga ni kusema kwamba nyumba uliyotoka ina uchawi. Basi Marie-Rose akamletea wifi yake kuku mwekundu aliyemnunua sokoni Luvungi, akamkabidhi kwa machozi na kumbatio refu, na Élisabeth akapanda naye pikipiki mpaka Sange, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyake. Akamwingiza bandani kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia karibu.

Yule mwekundu alipiga chafya. Élisabeth akadhani ni vumbi la njiani. Kesho yake uso wa kuku ulivimba upande mmoja, jicho likatoa povu, na puani ikatoka kamasi yenye harufu ya kitu kilichooza. Haikupita juma, banda zima likawa linakoroma. Aliwapa pilipili. Aliwapa vitunguu saumu, alovera iliyopondwa, dawa ya unga ya kutia katika maji ambayo muuzaji aliapa kwamba inaponya hata ng'ombe. Jirani akamwambia afukize majani ya mikaratusi, akafukiza, na sijui hilo lilimsaidia nani, maana kuku ambaye tayari anavuta pumzi kwa shida ukimjazia moshi unamtakia nini? Walikaa wameinamisha vichwa, midomo wazi, macho yamezibwa na usaha. Wakafa, mmoja leo, wawili kesho. Kila aliyemtupa shimoni alimtaja kwa jina, kwa kuwa wote walikuwa na majina.

Alipochoka kuzika ndipo akamwita Gédéon, mganga wa mifugo, kijana mpole mwenye buti za mpira. Gédéon alianza kwa kuosha buti zake kwa sabuni kabla ya kuvuka ua, na Élisabeth akacheka, mtu gani anaoga miguu ili aingie kwenye mavi ya kuku. Akasema ni mafua ya kuku, na ameitwa kwa kuchelewa. Ugonjwa huu huletwa na kuku mgeni, ndiyo maana mgeni hutengwa kwanza, desturi au si desturi. Kisha akamwonyesha kwa kidole jogoo mmoja aliyesimama juu ya ukuta wa banda, uso umenywea, macho yamefunguka.

Huyo amepona, Élisabeth akasema kwa furaha. Gédéon akatikisa kichwa. Amepona yeye, lakini ugonjwa bado anao. Atawika, atanenepa, hakuna atakayemjua, ila ukimweka na wengine atawaambukiza. Amchinje leo hii. Achome takataka zote za bandani, amwage chokaa, uwanja ukae bila kuku hata mmoja kwa miezi kadhaa, ndipo aanze upya. Na yeye mwenyewe akienda kwa watu wenye kuku, anawe mikono na miguu kwa sabuni na abadilishe viatu. Élisabeth akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na alimaanisha. Alinoa kisu jioni ile ile, akakiweka juu ya jiwe, akaamua kwamba atachinja asubuhi, kwa vile jogoo alikuwa wa mwisho wa mama na mkono ulikuwa mzito.

Asubuhi akafika Venant.

Venant alikuja na mfuko wa mihogo na pole zake. Huyu ni mtu mwema asiyeona kitu. Ukiweka nyoka mezani ataomba chumvi. Alikaa, akanywa chai, akasikia habari ya kuku wote waliokufa, akasikitika kwa dhati, kisha akasema neno lake huku akicheka kidogo.

"Kumbe ile kuku nyekundu ilikuwa mugonjwa? Njo maana Mama Ornella aliifunga mu jiko siku zote, mbali na zake. Ilituharibia makala yote ya kupikia."

Élisabeth akaweka kikombe chini. Akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kwamba Mama Ornella alimfunga jikoni tangu lini. Venant akasema tangu alipomleta kutoka Luvungi. Aliona anapiga chafya, akamtoa bandani hapo hapo, akasema hataki apigane na wengine. Na kuku zake zinaendeleaje? Zake ziko muzuri sana, Venant akasema, hakuna hata moja iliyokufa, akaomba aongezewe sukari.

Alipoondoka, Élisabeth alikaa pale pale mpaka chai ikapoa na inzi wakaingia ndani yake. Alijua! Yule mwanamke alijua. Aliona kuku mgonjwa, akawahurumia wa kwake, akamtenga jikoni kwa akili zake timamu, kisha siku aliyozikwa mama akamchukua huyo huyo akampa mfiwa, na machozi juu, na kumbatio juu, akijua kwamba desturi itamlazimisha mfiwa kumlaza na kuku wa marehemu. Élisabeth alitamani kumshika nywele. Alitamani kumwona ameinama juu ya shimo, anatupa kuku, anataja majina.

Akainuka, akachukua kisu juu ya jiwe, akakirudisha jikoni. Jogoo akawika.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Kiringye. Siku ya kumaliza matanga alituma neno kwamba anaumwa mgongo. Marie-Rose alimtumia salamu, mara kwa Venant, mara kwa watu wa pikipiki, mara kwa simu, aje basi wifi, kuna jambo la kuongea, na Élisabeth hakujibu hata moja. Jambo gani la kuongea? Alikuwa anaongea na jogoo. Alimtafutia kumbikumbi mvua zilipoanza, alimpangusa macho kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, alimsugua miguu mafuta ya mawese ing'ae. Baridi ikishuka kutoka milimani, au mbwa akimshtua, jogoo alipiga chafya, moja, kavu. Na kila akiisikia hiyo chafya Élisabeth alitabasamu, maana ilimhakikishia kuwa mali yake haijapotea.

Alichokosa ni mlango wa kumpitishia. Mlango ukafunguliwa na Ornella, binti mkubwa wa Venant, aliyekwenda kwa wazazi wake kujifungua mtoto wa kwanza, akapata wa kiume.

Hapo kuna desturi nyingine, na Élisabeth alipoikumbuka alicheka peke yake hadi jirani akachungulia. Siku mtoto wa kwanza anapotolewa nje, shangazi wa mzazi huleta jogoo. Humleta mwenyewe, hufungua banda la nyumba hiyo mwenyewe mbele ya watu, humwingiza kwa mkono wake na kusema maneno ya baraka. Jogoo huyo haguswi na kisu mpaka mtoto atembee. Kwa hiyo hatachinjwa, hatauzwa, hatatengwa. Atakaa na kuku wa Marie-Rose, atalala nao, atawapanda, atakunywa nao maji. Kama vile yule mwekundu alivyoingia kwake kwa mlango wa heshima, na huyu ataingia kwa mlango wa heshima. Hata kama Marie-Rose angeshuku, angesema nini mbele ya watu?

Siku ilipofika Élisabeth alioga, akavaa kitenge kipya, akamweka jogoo katika kikapu chenye kifuniko, akapanda pikipiki kikapu mapajani. Malori ya Bukavu yaliwapita na kuwafunika vumbi, mihogo ilikuwa imeanikwa kando ya lami, na njia nzima alikuwa anajaribu maneno ya baraka mdomoni ili yasije yakatoka na kicheko. Kabla hawajafika, jogoo alipiga chafya ndani ya kikapu. Safari ilikuwa imemwamsha vizuri.

Uwanja wa Venant ulikuwa umejaa watu, samaki wadogo wa ndagala wanakaangwa, wanawake wanapiga vigelegele. Marie-Rose akaja mbio mikono wazi. Alikuwa amekonda. Kifuniko kilipofunguliwa akamtazama jogoo kwa muda mrefu, kishungi, mkia, miguu.

"Hii ni ya Mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Njo ilibakia," Élisabeth akamjibu, na sauti yake ilikuwa tamu kama chai ya Venant.

Wakampa mtoto ampakate. Alinukia maziwa, alikuwa na paji la uso la marehemu mama. Élisabeth alijiambia kwamba mtoto huyu hana ubaya naye, na wala yeye hamfanyii ubaya wowote, kuku ni kuku na mtoto ni mtoto. Akamrudisha kwa Ornella haraka kuliko inavyopasa. Kisha akamtoa jogoo kikapuni, akambana mabawa, na watu wakamfuata nyuma ya nyumba wakiimba.

Banda lilikuwa la matofali ya udongo, na mlango wa bati la mafuta. Élisabeth akainama, akaufungua kwa mkono mmoja, akatia kichwa. Ndani kulikuwa na giza kidogo, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanukia, kuku wengi walikuwa wamekwisha kuingia. Akawaona wa Marie-Rose, wekundu, wenye madoa meupe, wanene, wazima. Akafurahi kuwaona wazima. Kisha macho yakazoea, na nyuma kabisa, juu ya mti wa kulalia, akaona vishungi.

Vilikuwa vyeusi. Walikuwa mitetea michanga, na jogoo mmoja mchanga ambaye mkia wake haujatimia, wamebanana bega kwa bega. Macho yao yalikuwa makavu na safi. Mmoja akageuza kichwa upande kumtazama, kwa namna ile ile ya yule kuku wa kwapani mwa mama, namna ambayo Élisabeth alikuwa ameitupa shimoni akiamini hataiona tena duniani.

Jogoo akapiga chafya mikononi mwake.

Marie-Rose aliinama karibu na sikio lake. Alinong'ona, wengine wasisikie.

"Ni za Mama. Alilalisha mayai mbele ya kufa, chini ya kuku yangu. Alisema vifaranga vikitoka ni vyako. Nilikungoja siku ya kumaliza matanga, hukuja. Nilikutumia watu, hukujibu."

Nyuma walikuwa wanaimba, na wimbo ulikuwa unafika pale ambapo shangazi anatakiwa kusema baraka zake. Élisabeth alibaki ameinama. Kumwingiza jogoo ni kuwaua wale kwa mkono wake, vishungi na mama yake mara ya pili. Kusema jogoo ni mgonjwa ni kusema mbele ya Kiringye yote kwamba ameleta ugonjwa kwenye sherehe ya mjukuu wa kaka yake. Kumrudisha kikapuni bila neno ni kumnyima mtoto baraka. Na usidhani kwamba hapo alimsamehe wifi yake, wala kidogo. Alimchukia zaidi kuliko asubuhi, kwa kuwa hata hapa, akiwa ameinama na ushindi wake mkononi, ni yule yule aliyekuwa na kitu ambacho yeye anakitaka. Wimbo ukafika mwisho. Watu wakangoja.

Élisabeth akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga. Akasimama, akageuka kuwatazama watu, akamshika jogoo shingo na kuivunja.

Mabawa yalipiga kwa muda, yakamchafua kitenge. Ornella ndiye aliyelia kwanza, akamfunika mtoto kichwa na kukimbilia ndani. Wanawake wazee wakaanza kurudi nyuma. Venant akaja mbele.

"Dada, umelaani mutoto wetu?"

"Sikumulaani," Élisabeth akasema, na hapo akapaza sauti, kwa kuwa kama ni aibu basi iwe ya wote. "Hii jogoo ni mugonjwa. Nilijua. Niliifuga kusudi niilete huku, iue kuku za Mama Ornella, vile kuku yake iliua zangu. Na yeye alijua. Aliona inapiga chafya, akaifunga mu jiko mbali na zake. Kisha akanipatia miye, siku tulizika mama. Muulizeni Venant kama haikulala mu jiko."

Watu wakamwangalia Venant. Venant akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona kitu. Polepole akamgeukia mke wake.

Marie-Rose angeweza kukana. Angesema ni vumbi, ni uzushi, ni uchungu wa mfiwa. Lakini alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani.

"Nilijua," akasema. "Za Mama zilikuwa zimekwisha kuchinjwa. Hakukuwa ingine. Nilihurumia zangu."

Basi Élisabeth akakipata alichokitaka, na hakikuja kwa njia ya mafua. Aliwaona wanawake wa Kiringye wakimtazama Marie-Rose kuanzia miguuni mpaka kichwani. Alimwona mmoja, rafiki yake wa kanisani, akivuta kitenge chake pembeni kisimguse. Tangu siku hiyo, ukisema Kiringye "kuku ya Mama Ornella", watu wanajua unasema nini, na Marie-Rose akienda kwa mgonjwa na chakula, kinapokelewa kwa asante na kupewa mbwa. Élisabeth alisimama pale na jogoo aliyekufa mkononi, akaionja furaha hiyo mpaka ndani ya mifupa. Hakuiona aibu. Wanaosema kisasi hakina utamu hawajawahi kukipata.

"Sasa nipatie kuku za mama," akasema.

Hakuna aliyebisha. Venant mwenyewe, kwa aibu aliyokuwa nayo, akakimbilia kikapu, akakileta, akafungua mlango wa bati na kuingiza mkono. Ndani kuku wakalia. Akamtoa mtetea wa kwanza, mweusi, anapapatika, akawa anainama kumtia kikapuni.

Élisabeth akakitazama kile kikapu. Chini kulikuwa na mavi mabichi na manyoya ya jogoo, na ukingoni alama ya kamasi. Kisha akauona uwanja wake wa Sange, ukuta ambao jogoo alikuwa anasimama kuwika, kopo alilonywea, maganda ya mpunga aliyochakura miezi yote hii. Alikumbuka kisu juu ya jiwe. Kama angemchinja asubuhi ile, kama alivyoambiwa, achome, amwage chokaa, anyamaze, uwanja ungekuwa umekwisha kupona zamani, na leo angepanda pikipiki na kuku wa mama mapajani.

"Acha," akamwambia Venant. "Usimutie humo. Umurudishe."

Venant akauliza kwa nini, si ni kuku zako.

"Kwangu kuko na ugonjwa."

Ilibidi aliseme mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza Venant hakuelewa. Mtetea akarudishwa bandani. Marie-Rose aliinuka kutoka kwenye kinu, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akafunga mlango wa bati na kusimama mbele yake. Élisabeth akarudi Sange na kikapu kitupu na jogoo aliyekufa ndani ya mfuko.

Safari hii alifanya yote. Alimchoma jogoo, alichoma kikapu, mti wa kulalia, kopo, kila kitu. Alimwaga chokaa mpaka uwanja ukawa mweupe. Gédéon akaja, akaosha buti zake, akakagua, akasema vizuri, sasa kazi ni kungoja. Kungoja Élisabeth alikuwa anajua, alikuwa amengoja miezi. Lakini wakati ule alikuwa na jogoo wa kutazama asubuhi. Sasa akitoka nje kulikuwa na chokaa na kimya. Hakuvumilia. Jumapili, baada ya misa, akapanda pikipiki kwenda Kiringye, kuwatazama tu, asije mtu akawachinja au kuwauza.

Marie-Rose alikuwa mbele ya nyumba, peke yake. Siku hizi alikuwa peke yake mara nyingi. Alipomwona wifi yake anashuka hakumsalimu, naye hakusalimiwa. Aliingia ndani, akatoka na beseni la maji, kipande cha sabuni ya mawese na jozi ya ndara za zamani, akaviweka chini katikati ya njia iendayo bandani. Inaonekana Gédéon alikuwa amepita na huku.

"Vua viatu," akasema. "Unawe mikono na miguu kwanza. Sitaki ugonjwa yako mu kuku za Mama."

Élisabeth alikuwa mtu wa jibu. Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno la kumrudishia mtu, na sasa alilitafuta, akalitafuta, na lile la kwanza alilolipata halikuwa kweli, na la pili pia halikuwa kweli. Nyuma ya nyumba, kuku mmoja wa kishungi alikuwa anaita, ule mlio wa mtetea anayetafuta mahali pa kutaga yai lake la kwanza.

Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akatia miguu katika beseni. Marie-Rose alisimama juu yake, mikono kiunoni, akimtazama anavyosugua kisigino, anavyosugua kati ya vidole. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Wa kushoto bado," akasema. "Rudilia."

Élisabeth akachukua sabuni, akarudilia.